Nilimsomea mama "Peponi", tukalala saa nane usiku

Macho ya mama yamepungua nguvu, kwa hiyo siku hizi vitabu namsomea mimi. Vingi vimeishia njiani: sura mbili tatu, mara anasinzia, nafunika. "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah haikutupa nafasi hiyo. Usiku wa kwanza tuliacha saa tano. Usiku wa tatu tuliacha saa nane, na tuliacha kwa sababu sauti yangu ilikuwa imekauka.

Kama ulishaisoma kwa Kiingereza, tangu ilipotoka mwaka 1994 na kuingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, nakuomba uisome tena kwa Kiswahili. Tafsiri ni ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa chuo cha SOAS, London, na imechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Hiyo ni mwaka mmoja tu baada ya Gurnah kupata Nobeli. Mzaliwa wa Unguja, ameandika kuhusu watu wa pwani miaka nenda miaka rudi, na riwaya yake ya kwanza kutufikia kwa lugha yetu ni hii. Ukianza kusoma utaona ilivyorudi kwao.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, mji uliochipuka na reli enzi za Wajerumani. Mara kwa mara hufika tajiri mmoja, Aziz, mpole, msafi, ananukia vizuri, na akiondoka humwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Siku moja Yusuf anaambiwa atafuatana na tajiri huyo, wapande treni hadi pwani. Mtoto gani asiyependa treni?

Hapo mama akaweka mkono juu ya kitabu. "Ngoja kwanza. Baba'ake anadaiwa?"

Nikamwambia hatujafika huko.

"Anadaiwa. Huyo si mgeni, huyo mdai."

Alipatia. Yusuf ametiwa rehani kwa deni la baba yake, na habari hiyo anakuja kuipata dukani kwa Aziz, kutoka kwa Khalil, kijana aliyemtangulia kufika pale kwa njia hiyo hiyo. Khalil ndiye anayemfundisha kazi, anayemtania, anayemwonya kwamba yule si jamaa yake, amwite Seyyid. Na anampa jina: kifa urongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa. Mama alicheka sana, kisha akanyamaza. Alikulia Pangani, mmea huo anaujua.

Kinachokushika koo katika kitabu hiki ndicho hicho. Wewe unajua, mtoto hajui. Unamtazama anavyojifunza kupima sukari na kupokea hela, anavyochungulia bustani ya tajiri yenye ukuta, maji na makomamanga, nawe unataka kumwambia kimbia. Kisha unajiuliza, akimbilie wapi? Neno "rehani" Gurnah alikuwa amelitumia hivyo hivyo ndani ya Kiingereza chake. Lakini kulisikia kwa mama, ambaye anajua watu walioweka rehani vipuli na minazi, kulinifanya nilielewe upya. Kipuli hakiulizi kitakombolewa lini.

Katikati kuna safari ya bara, na hapo sikuweza kuweka kitabu chini. Msafara wa wapagazi, bidhaa, mvua, homa, na mnyapara Mohammed Abdalla ambaye kila akitokea nilikuwa napunguza sauti bila kukusudia. Wanafika kwa mtawala Chatu, na yanayowapata huko nawaachia mjisomee. Ila zingatieni jambo hili: mwandishi hamtakasi mtu. Wafanyabiashara wetu wa pwani wana adabu, dua na ukarimu, na wana deni la watu mikononi. Mjerumani anapoingia, hakuti pepo. Anakuta dhuluma ambayo tayari ina wenyewe. Riwaya nyingi za enzi hizo nilizosoma zilikuwa na wazuri upande huu na wabaya upande ule. Hii ilinikosesha raha kwa namna ninayoishukuru.

Nilimpenda mno Kalasinga, fundi Singasinga anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ilhali Kiarabu hakijui. Mabishano yake na Hamid, mwenye duka kule bara, ni ya barazani hasa, yale ya watu wanaopendana.

Na mtakaosoma mkiwa mnaijua Sura Yusuf ya Kurani, mtashtuka. Kijana mzuri wa sura, nyumba ya tajiri, mke wa tajiri, vazi lililochanwa kwa nyuma. Mama aliijua hadithi kabla ya ukurasa kufika, na bado alishika mdomo.

Sikuridhika na kila kitu. Wakati msafara ukiendelea watu ni wengi na majina yanapishana, ikabidi nirudi nyuma mara kadhaa. Pia Amina, dada yake Khalil, anakuja kusema kwa marefu mwishoni. Maneno yake ni mazito kuliko ya wanaume wote waliomtangulia, na ningetamani nimsikie mapema zaidi.

Mwisho wake ni wa ghafla sana. Mama aliniambia nirudie ukurasa ule, nikarudia. Akauliza kama mwandishi ameandika kingine, ajue vijana waliochukuliwa na Wajerumani yaliwapata yapi katika Vita Kuu ya Kwanza. Nikamwambia kipo, "Afterlives", cha mwaka 2020, si kisa cha Yusuf lakini kinaingia ndani ya vita ile ile. Nakala niliyonayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo namfasiria kwa mdomo, kurasa nne tano kila usiku. Jana alinikemea kwamba nafasiri polepole.