TAHADHARI: Mavic 3 "kama mpya" ambayo bado ina mwenyewe

Wakuu habari zenu. Kama una kidroni cha kuanzia na sasa unataka kupanda daraja uchukue kitu cha maana, soma hapa kabla hujamtumia mtu hela, maana kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na tangazo la droni ya DJI, Mavic 3 Pro iliyotumika, bei imeshushwa mpaka unajiuliza huyu ana shida gani, na maelezo yake hayaungani hata kidogo.

Kwanza hiyo siyo Pro. We hesabu lenzi tu, hata kwenye picha zinaonekana. Mavic 3 Pro iliyotoka 2023 ina kamera tatu, Mavic 3 ya 2021 ina mbili, Mavic 3 Classic ya 2022 ina moja. Ya kwake ina jicho moja. Nilipomuuliza akasema eti zingine ziko ndani zinatokea ukiwasha 😂 jamani. Sisemi Classic ni mbaya, ina sensa ileile kubwa ya 4/3 na megapikseli 20, kwa mtu anayepiga mandhari inamtosha kabisa, ila usiuziwe Classic kwa jina la Pro. Mchezo huohuo upo kwenye Cine, toleo la Mavic 3 la watu wa filamu: ikishawashwa angalia hifadhi ya ndani, Cine ina 1TB, ya kawaida ina 8GB, hapo hakuna mjadala. Na kwenye vile vidogo Mini 2 SE inapitishwa kama Mini 2 wakati SE video yake inaishia 2.7K, 4K haifiki.

Sasa hayo ya lenzi madogo. Kubwa ni akaunti. Droni za DJI zinaunganishwa na akaunti ya mwenye nayo, na wa kuitoa ni yeye mwenyewe akiwa ameingia kwa akaunti yake. Nikamuomba jamaa kitu kimoja tu, ajirekodi akiiwasha, afungue DJI Fly, ile apu ya kurushia, aende kwenye usimamizi wa vifaa aiondoe, nione. Ni kazi ya dakika chache. Akasema betri haina chaji. Nikasubiri, chaja ikawa iko kwa shemeji. Nikasubiri tena, ikawa "we tuma nusu kwanza nikushikilie mzigo kuna mtu yuko njiani anakuja kuichukua". Mwisho kabisa akaja na kwamba imesharisetiwa kwa hiyo iko safi. Kuriseti na kuitoa kwenye akaunti ni vitu viwili tofauti na mtu anayeuza vitu hivi analijua hilo.

Kwa nini nakazania hapa? Kuna mpango wa DJI Care Refresh, droni ikipeperuka ikapotea mwenyewe anaripoti, analipia kiasi, anapewa nyingine. Ile iliyopotea ikija kuokotwa porini inaishia wapi? Kwenye matangazo kama haya. Zilizoibwa nazo hivyohivyo. Ukishainunua huwezi kuiweka kwa jina lako, na siku ikikupeperukia wewe hiyo huduma ya upotevu huipati kwa sababu inataka droni iwe kwenye akaunti yako. Halafu ukitoka kwenye Mini ya gramu 249 ukaenda kwenye dude la karibu gramu 900 mara nyingi sheria nazo zinabadilika. Marekani kwa mfano ikizidi gramu 250 lazima usajili hata kama unarusha kwa kujifurahisha, na Remote ID yake, yaani kitambulisho cha droni, inatangaza hewani namba ya kuitambua. Sasa unatangaza namba ya nani?

Kwa hiyo ukikutana na muuzaji yeyote, iwashwe mbele yako, aitoe mbele yako, uiingize kwenye akaunti yako palepale, ndo hela itoke. Rimoti yenye skrini yake nayo atoke kwenye akaunti. Linganisha namba ya utambulisho (serial) ya kwenye mwili na ya kwenye apu. Fungua taarifa za betri uone imechajiwa mara ngapi, betri moja moja, na iliyovimba hata kidogo achana nayo, inaweza kuchomoka droni ikiwa juu. Irushwe isimame hewani usiguse kitu, ikitangatanga au video ikitetemeka huenda imeshawahi kuanguka.

Zile "8K" za bei ya mwanasesere sizizungumzii sana, iwashe, shika mwili uinamishe, kamera isipobaki imenyooka yenyewe hiyo haina gimbali, ile mikono ya kuituliza kamera, ni toi.

Jamaa nilipomwambia namtafuta mwenye hiyo droni akanibloku. Tangazo limesharudi kwa jina lingine na picha zilezile, mkono wa droni wa mbele kushoto una mkwaruzo mrefu mweupe. Ukiiona picha hiyo usitume hata hela ya nauli, na kama ni droni yako iliyopotea ni-inbox nina skrinshoti zote.