Figo yangu ilikogandishwa badala ya kutolewa: nyota nne

Nina miaka 61, naishi Uingereza, na kisukari tumezoeana. Mwaka jana nilipigwa altrasaundi kutafuta mawe ya nyongo. Mawe hayakuonekana, kikaonekana kitu kwenye figo ya kushoto, sentimita 2.6. Sikuwa na maumivu wala damu kwenye mkojo. Vijivimbe hivi vingi hugunduliwa hivyohivyo, watu wakitafuta kingine.

Daktari wa kwanza alizungumza kana kwamba figo nzima imeshakwenda. "Unayo nyingine," akaniambia. Mtu wa kisukari haambiwi hivyo! Hiyo nyingine nayo sukari inaitafuna taratibu.

Nikaomba daktari wa pili. Huyo alinikalisha, akanieleza kwamba uvimbe usiozidi sentimita 4 una njia kadhaa: kuufuatilia kwa skani bila kuugusa, kukata kipande chenye uvimbe tu, kuuchoma kwa joto, au kuugandisha. Kwanza wakachukua kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano ili kipimwe, kwa sababu katika vijivimbe vya kiasi hiki, kama kimoja kati ya vitano si saratani. Changu kilikuwa saratani.

Nikachagua barafu. Nilichomwa nusu kaputi, nikalazwa kifudifudi kwenye mashine ya CT, zikaingizwa sindano tatu kupitia mgongoni. Ndani yake hupita gesi ya argoni: uvimbe unaganda, unaachwa uyeyuke, unagandishwa tena. Baadaye nilionyeshwa picha, donge la barafu jeusi mfano wa yai, limeumeza uvimbe na kupita ukingo wake. Kesho yake nilikuwa nyumbani. Mkojo ulikuwa na rangi ya juisi ya rozela siku mbili, kisha ukasafika. Gharama yangu ilikuwa maegesho ya gari tu, nayo si haba.

Nyota moja nimeipunguza kwa mkono wa kushoto, uliokufa ganzi wiki nzima kwa jinsi ulivyowekwa juu ya kichwa, na hakuna aliyenionya. Jingine mlijue kabla ya kutia sahihi: uvimbe hautolewi, unabaki humo ukigeuka kovu. Uwezekano wa kurudi ni mkubwa kidogo kuliko ukikatwa, ingawa unaweza kugandishwa tena. Kwa hiyo skani haziishi, na kila nikisubiri majibu silali.

Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, haijasogea. Mke wangu alitafuta kovu mgongoni akakuta vidoa vitatu, akaniuliza kama kweli nilifanyiwa kitu.