Kituo cha msaada wa kisheria: nendeni na stakabadhi

Ndoa yangu ilipovunjika nilikwenda kudai matunzo, yaani fedha za kujikimu kutoka kwa mume. Kabla ya kufika kituoni, mwandishi mmoja wa barua karibu na mahakama alikwisha kunitoza 80,000 kwa barua ya kurasa tatu. Yote ilikuwa maovu ya mume wangu. Haikutaja hata shilingi moja ninayohitaji.

Msaidizi wa kisheria aliyenipokea hapa Tanga, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, aliisoma akaikunja. "Dada, pole. Lakini hakimu hapimi matunzo kwa uchungu. Yeye ana uwezo gani, nawe una mahitaji gani?" Akanisomea kifungu cha 116 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: kwanza uwezo na mahitaji, kisha nani amesababisha zaidi ndoa kuvunjika, na mila za jamii ya wanandoa. Nilidhani kuna asilimia iliyopangwa. Haipo.

Akanituma nyumbani na daftari. Wiki mbili niliandika kila kitu: kodi, gesi, unga, nauli, dawa yangu ya presha. Kisha akataka nioneshe tulivyoishi miaka 17: stakabadhi za ada, picha za malori mawili, miamala ya simu ya kila mwisho wa mwezi. Mume alipoiambia mahakama kwamba biashara imekufa, karatasi hizo ndizo zilizomjibu. Nilipangiwa pungufu ya nilichoomba, lakini napata. Na nilielezwa mapema kwamba nikiolewa tena matunzo yanakoma.

Kuhusu nyumba, iliyoandikwa jina lake peke yake, alinieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983. Mahakama ya Rufani ilisema kupika na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Nililia palepale. Ila hakunificha kwamba Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake. Mchango bado lazima uuthibitishe.

Kasoro ipo, na inaniuma. Unasimulia mambo ya chumbani huku benchi la wanaosubiri liko hatua mbili nyuma yako. Dada aliyekuwa mbele yangu alinyamaza katikati ya maelezo, akaondoka. Wawekeeni watu pazia, jamani.

Huduma ni bure. Wanafungua siku mbili tu kwa wiki, kwa hiyo fika kabla ya saa mbili asubuhi, na fomu ya baraza la usuluhishi la kata, lile linalojaribu kwanza kuwapatanisha wanandoa, uwe nayo mkononi.