Vipimo vya taji vilivyochukuliwa kabla fizi haijatulia

Nilikuwa nimekusudia kuisifu kliniki hii ya meno iliyopo katikati ya jiji la Mwanza, kwa kuwa upasuaji wa fizi niliofanyiwa hapo miezi kadhaa iliyopita ulikuwa wa mkono mwepesi na wa uangalifu mkubwa. Jino langu la mbele lilikuwa limekatika karibu na fizi, hivyo ilibidi fizi na sehemu ndogo ya mfupa vipunguzwe ili taji, yaani kofia bandia ya kufunika jino, lipate pa kushika. Ganzi iliingia vizuri, na usiku ule nililala bila maumivu.

Kilichoharibu kila kitu ni haraka ya vipimo. Siku niliyorudi kutolewa nyuzi, hata wiki mbili hazijatimia, daktari mwingine aliamua kuchukua vipimo vya taji la kudumu, yaani nakala ya umbo la jino, papo hapo. Fizi ilikuwa bado nyekundu na ilitoa damu kila alipoigusa. Alipangusa, akanijaza mdomoni ule uji mzito unaoganda, akautoa, akautazama kwenye mwanga, kisha akarudia tena na tena. Nilimwuliza kwa heshima kama hatungeweza kusubiri. Akanijibu bila kuninyanyulia macho, "Mama, wewe unatoka Sengerema, nakuokolea nauli ya kivuko." Nauli ya Kamanga naifahamu, na ningeilipa mara kumi kuliko kuipata hasara hii.

Taji lilipofungwa lilipendeza. Baadaye fizi ikaendelea kupanda, na ukingo wa taji ukajitokeza kama mstari mweusi ambao sasa kila ninayezungumza naye huutazama. Niliporudi kulalamika, daktari yuleyule alisema kwa sauti mbele ya wagonjwa wengine, "Fizi zako ndizo dhaifu, mama, kazi yetu tulishaimaliza." Nimefundisha watoto kwa miaka mingi na sijawahi kumjibu mtoto hivyo.

Daktari wa hospitali nyingine ndiye aliyenieleza kwa utulivu. Mfupa unapopunguzwa, fizi huendelea kusogea kwa muda mrefu: kwa jino la nyuma husubiriwa wiki 6 hadi 8, na kwa jino la mbele, ambalo kila mtu huliona, miezi 3 hadi 6, huku mgonjwa akivaa taji la muda. Aliongeza kwamba damu na majimaji huuzuia ule uji kunakili ukingo wa jino sawasawa. Ndipo nilipoelewa kwa nini ulirudiwa.

Je, nimwambie mtu asiende pale? Hapana, kwa upasuaji ningerudi hata kesho, mradi vipimo nikachukuliwe kwingine. Ingawa kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyomwona hata daktari wa upasuaji kuwa na lawama, maana alijua fizi inahitaji muda na hakuniambia neno, wala kuandika kwenye faili langu kwamba mwenzake asiguse jino lile mapema. Basi nalifuta neno langu la kurudi, angalau kwa leo.

Sasa nimevaa taji la muda na ninasubiri vipimo vipya, ambavyo ninavilipia upya, kwa kuwa kliniki ile imekataa kurudisha hata nusu ya fedha zangu.