Uzoefu wangu na washauri wa kuthamini kampuni: tulilipia ripoti, tukaongezewa dharau

Msiwape kazi. Ningeishia hapo, ila hasira haijanitoka.

Tulitaka kununua kampuni ya usambazaji, tukawaajiri washauri watufanyie tathmini ya thamani yake. Ripoti ikaja nene, imejaa michoro. Nikaenda moja kwa moja kwenye thamani ya mwisho, yaani ile miaka yote inayofuata baada ya makadirio ya miaka 5, maana hapo ndipo bei hupikwa. Zaidi ya robo tatu ya bei yao ilikuwa humo. Wametumia kiwango cha punguzo (asilimia ya kila mwaka inayoshusha fedha za baadaye ziwe thamani ya leo) cha asilimia 12, na ukuaji wa fedha zinazoingia wa asilimia 5, milele. Milele! Kampuni inayokua milele kwa kasi kuliko uchumi unaoibeba, mwishowe itaumeza uchumi wenyewe. Ukishusha ukuaji huo hadi asilimia 3, kizidisho cha mtiririko wa fedha, yaani namba inayozidishwa na fedha za mwaka wa mwisho wa makadirio ili kupata thamani hiyo, kinatoka 15 hadi takriban 11.4. Karibu robo ya thamani hiyo inayeyuka, na hujagusa kitu kingine chochote.

Nikauliza kikaoni, kwa heshima, hiyo 5 imetoka wapi. Bosi wao hata hakunitazama. Akamgeukia mkurugenzi wetu: “Mwambie mhasibu wako haya atuachie sisi.” Mbele ya watu wote! Nikaomba faili la Excel nione fomula. Nikatumiwa PDF.

Lakini haki itendeke. Yule kijana wao mchambuzi ni hodari kwelikweli. Ndiye aliyebaini kwamba fedha taslimu za mwisho wa mwaka zilikuwa zimenona kwa sababu wenye kampuni walichelewesha kuwalipa wanaowauzia bidhaa. Madeni yale yangetuangukia sisi baada ya kununua. Kwa kazi hiyo peke yake, ada yao ilikuwa halali, na kwa siku kadhaa nilikuwa tayari kuwasifu.

Halafu nikapata nafasi ya kusoma mkataba wao. Sehemu kubwa ya ada inalipwa ununuzi ukikamilika tu. Sasa mshauri wa namna hiyo atakwambiaje kwamba bei imezidi, uache? HP, kampuni ya kompyuta, iliinunua kampuni ya programu ya Autonomy mwaka 2011 kwa takriban dola bilioni 11, na mwaka uliofuata ikafuta dola bilioni 8.8 za thamani hiyo kwenye vitabu vyake vya hesabu. Hata pale washauri walikuwepo.

Basi nirekebishe niliyosema mwanzo. Kazi ya kukagua vitabu vya hesabu wapeni, ila sisitizeni yule kijana ndiye aifanye. Andikeni mapema kwamba faili lenye fomula ni mali yenu, na ada iwe ileile mnunue msinunue. Kupanga bei, hapana, fanyeni wenyewe. Sisi tulipiga hesabu upya kwa ukuaji wa asilimia 3, tukapeleka bei yetu, muuzaji akaikubali. Yule bosi alituma salamu za pongezi kwa mkurugenzi. Mimi hajaniomba radhi mpaka leo.