Potwe wa Kilindoni, Mafia: safari nzuri, ila chagua nahodha kwanza

Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kuanzia Oktoba hadi Februari anakula karibu kabisa na ufuo wa Kilindoni. Wapo wanaomwita papa shilingi kwa ajili ya madoa yake meupe. Kinachomvuta ni uduvi. Ng'ambo ya pili Mto Rufiji unamwaga maji yenye rutuba, uduvi wanaongezeka, naye anawafuata. Wengi wanaoonekana hapa ni madume ambayo hayajakomaa, na hata hayo yanaipita mashua ndogo kwa urefu.

Safari ya boti ya kwenda kuogelea naye huchukua saa tatu hadi nne na inafaa gharama yake, kwa sharti moja: nahodha awe mvumilivu. Boti nzuri hutoka saa moja asubuhi. Kilindoni iko upande wa magharibi wa kisiwa, kaskazi haiifikii moja kwa moja, kwa hiyo asubuhi bahari imelala na kivuli cha samaki kinaonekana kwa mbali. Upepo ukishakaza, viwimbi vinafunika kila dalili.

Nahodha anayeijua kazi hategemei pezi peke yake. Anaangalia membe wanapojitupa majini, anaangalia maji yanayochemka kwa uduvi, na anawauliza wavuvi wa dagaa waliokesha huko. Akimwona potwe, anazunguka kwa mbali, anatangulia mbele ya njia yake, anatoa gia na kungoja. Hapo wageni wanateleza majini ubavuni mwa boti, kimya, bila kuruka. Samaki anakuja mwenyewe.

Safari nyingi huharibikia hapo hapo. Boti inamkimbilia potwe kutoka nyuma, watu kumi wanajirusha kwa kishindo, naye anazama. Wageni wanabaki kutazama mapovu. Mbaya zaidi ni boti nne kumzingira mmoja. Rafadha inakata mapezi na kuacha makovu. Ukiona nahodha wako anashindana na wenzake, mwambie apunguze mwendo. Ni haki yako, na ni haki ya huyo samaki.

Majini, kaa mita 3 kutoka ubavuni na mita 4 kutoka mkiani. Meno yake ni madogo mno na hana haja na mtu, lakini mkia ukikupiga utaumia. Usimguse, usitumie mwanga wa kamera, usimzibie njia. Akikugeuzia mgongo au akianza kuzama, mwache.

Usitarajie maji ya kioo. Maji yale yale yenye rutuba yanayowalisha uduvi huwa na ukungu wa kijani, hivyo picha za mbali hazitoki. Atakapokaribia, tazama mbele ya mdomo: mara nyingi kuna vikolekole wa njano wanaoogelea wakimtangulia, na chazo wamemganda tumboni. Chakula kikiwa kingi husimama wima, mkia chini, akifyonza maji kwa mikupuo. Madoa yaliyo nyuma ya matamvua hayafanani kati ya samaki mmoja na mwingine, na watafiti huwatambua kwa picha za hapo.

Miwani ya kuzamia ya kukodi ijaribu ufuoni. Ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua; ikianguka, omba nyingine. Nywele zikibanwa chini ya mpira au masharubu yakiwa mazito, maji yatapenya. Vaa fulana ya mikono mirefu: inazuia jua mgongoni na mwasho wa konyeza, tena haiachi mafuta majini. Dawa ya kichefuchefu inywe nusu saa au zaidi kabla ya kupanda, kwa sababu kinachotapisha si mwendo bali kule kungoja, boti ikiyumba na moshi ukikuzunguka.

Usijaribu kuja kutoka bara kwa feri ya Nyamisati na kurudi siku hiyo hiyo. Lala Kilindoni. Ukilala Utende, upande wa pili wa kisiwa, jua kwamba unaingia eneo la hifadhi ya bahari na kiingilio hulipwa getini.

Kabla ya kutoa pesa uliza mambo mawili: nani anaingia majini pamoja na wageni, na je, boti ina ngazi? Kupanda boti isiyo na ngazi mara tano au sita humaliza mikono, na mara ya mwisho, potwe anapopita karibu kuliko mara zote, nusu ya watu wanakuwa wamebaki wameketi.