Injini ya 404 imefufuka: karakana ya Obote Road, Kisumu

Kabla ya kufika karakana hii, kila fundi niliyemwonyesha gari alinijibu, "Toa injini hiyo, weka ya Toyota." Hakuna aliyepima chochote. Na hili ni Peugeot 404 la marehemu baba, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Sikuwa tayari kuendesha bodi ya 404 yenye moyo wa gari lingine.

Hali ilikuwa mbaya, sikatai. Moshi wa bluu, oili inaisha kila mara, na tukipanda kuelekea Kiboswa malori yanatupita.

Mzee anayesimamia karakana hii alianza kwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Akamimina oili kidogo kwenye kila silinda, akapima tena. Kipimo kikapanda. "Mama, valvu zako hazina neno sana. Ringi na slivu ndizo zimeisha." Ringi ni pete zinazozunguka pistoni, slivu ni mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka; oili ilikuwa imeziba pengo kati yake kwa muda. Hapo ndipo nilipomwamini.

Uzuri wa injini hii ya cc 1618 ni kwamba slivu zake huchomolewa, na maji huzizunguka moja kwa moja. Hakuna kuchonga bloku, yaani mwili wa injini. Unanunua seti ya slivu na pistoni za milimita 84, unapachika. Ila kupachika ndiko kwenye kazi. Mzee alisimamisha kipimo chenye mshale juu ya bloku, akakisogeza hadi ukingo wa slivu ili nione mshale unavyopanda. Slivu lazima ichomoze kidogo juu ya bloku, la sivyo gasketi ya kichwa cha injini haibani vizuri na maji yanaingia kwenye oili. Ya tatu haikuchomoza. Akaichomoa, akakwangua kutu iliyoganda pale inapokalia, akabadilisha washa ya chini na kupima upya. Fundi mwenye haraka angefunga tu.

Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa na mikwaruzo. Wakaisaga na kuweka beringi nene zaidi. Baada ya kilomita 500 nilirudi wakamwaga oili na kukaza upya boliti za kichwa, bila malipo.

Lawama ninazo. Tarehe ya kuchukua gari ilipita kimya, hakuna aliyenipigia simu, na gari lilikuwa limeachwa nje kwenye mvua. Vipuri pia unatafuta mwenyewe. Seti yangu niliipata Kirinyaga Road, Nairobi, baada ya kuzunguka sana. Gharama yote ilizidi ile ya kupachika injini ya mtumba, lakini bei ya kazi waliyoandika mwanzoni ndiyo niliyolipa.

Kabureta hawaigusi, hiyo nilipeleka Kibuye. Na ukienda, peleka gari likiwa bado linawaka, usiwaletee injini iliyokwisha kufunguliwa kwingine, maana hapo kompresheni haipimiki tena.